Kanuni ya Jirani: Kompyuta za Nyumbani, Bao na Migomba ya Karagwe

Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, magharibi ya mkoa wa Kagera, nyumba ya mkulima hukaa katikati ya migomba yake. Shamba hilo huitwa kibanja, na ndani yake migomba, mibuni na maharage huishi pamoja bila kutengwa. Mgomba wa kibanja hauna upweke. Shina hutoa machipukizi pembeni mwake. Majani ya mmoja huyagusa majani ya wa pili. Nyuki hutoka ua hata ua. Na panga lile lile lililoanza kupogoa mlangoni mwa nyumba humaliza kazi yake penye mpaka wa jirani. Kwa hiyo mtu akiulizwa mgomba fulani utakuwa na hali gani kesho, hawezi kujibu mpaka autazame wenyewe na ile iliyouzunguka leo. Fikira hii ni nyepesi, walakini ndiyo msingi wa elimu moja ya hesabu iliyopata kuwashughulisha wataalamu wa mabomu ya atomiki, maprofesa wa Cambridge, na hatimaye vijana wengi wenye kompyuta ndogo majumbani mwao katika miaka ya 1970 na 1980. Elimu hiyo ni ya otomata za seli, na katika historia yake limo swali ambalo aghalabu hupitwa upesi: nani ahesabiwe kuwa jirani?

Yafaa kulitazama kwanza neno lenyewe. Kiswahili kimelipokea neno seli kwa njia zaidi ya moja. Katika elimu ya viumbe ni chembe ndogo ya mwili ulio hai. Katika kituo cha polisi ni chumba cha mahabusu. Na katika siasa ya Tanzania, tangu katikati ya miaka ya 1960, lilikuwa jina la kundi la nyumba kumi chini ya mjumbe mmoja wa chama cha TANU. Katika hesabu, seli ni chumba kimoja cha ubao uliogawanywa kwa miraba kama karatasi ya hesabu ya mtoto wa shule. Kila chumba kina hali, kwa mfano kitupu au kimejaa. Kila chumba kina majirani wanaojulikana. Iko kanuni moja kwa vyumba vyote, isiyompendelea yeyote, nayo husema hali ya chumba itakuwaje katika kipindi kijacho kwa kutazama hali yake na ya majirani zake katika kipindi hiki. Vyumba vyote hubadilika kwa pamoja, kama askari wasikiapo amri moja. Baada ya hapo hakuna mtu anayeamua lolote. Ubao hujiendesha wenyewe, na ndiyo maana ya otomata.

Katika maana zote hizo, ile ya nyumba kumi ndiyo iliyo karibu zaidi na maana ya hesabu, maana nayo ilikuwa kanuni ya ujirani: nyumba iliingizwa katika seli yake kwa sababu ya mahali ilipojengwa, bila kutazama ukoo wa wakaao ndani yake wala kazi yao.

Mwanzo wa elimu hii ulikuwa Los Alamos, Marekani, katika miaka ya mwisho ya 1940. John von Neumann, mzaliwa wa Hungary, alikuwa akitafuta jibu la swali zito: je, mashine yaweza kuunda mashine nyingine iliyo mfano wake kamili, nayo ile ya pili ikaunda ya tatu? Alianza kwa kuwaza mashine yenye mikono, ielekeayo ghala la vyuma na kujichagulia vipande. Kisha Stanislaw Ulam akamshauri aviache vyuma, achukue ubao wa miraba. Von Neumann akabuni ubao ambao kila chumba chake kiliweza kuwa na moja ya hali 29, akaonyesha kwamba juu ya ubao huo umbo laweza kujizaa. Alifariki mwaka 1957 kabla ya kuikamilisha kazi hiyo, na kitabu chake kikatolewa mwaka 1966 baada ya kuhaririwa na Arthur Burks. Kilikuwa kitabu cha wajuzi wachache.

Aliyeifanya elimu hii iwe mali ya watu wengi ni Mwingereza John Horton Conway wa Chuo Kikuu cha Cambridge. Conway alitaka kanuni iliyo fupi kupita zote, ambayo hata hivyo matokeo yake hayatabiriki. Yeye na wenziwe walijaribu kanuni nyingi juu ya ubao wa mchezo wa Go, wakizipanga na kuzipangua kete kwa mikono. Kanuni nyingine zilijaza ubao mara moja. Nyingine ziliua kila kitu. Mwishowe walibaki na hii: chumba kilicho hai chenye majirani wawili au watatu walio hai hubaki hai, chenye pungufu ya hao hufa kwa upweke, na chenye zaidi hufa kwa msongamano, chumba kitupu chenye majirani watatu kamili walio hai hupata uhai. Majirani ni vyumba vinane vinavyokizunguka, pamoja na vile vya pembeni. Kanuni hiyo iliitwa Mchezo wa Uhai, nayo ilitangazwa na Martin Gardner katika toleo la Oktoba 1970 la gazeti la Scientific American.

Neno mchezo lisimdanganye msomaji. Hakuna mshindani wala mshindi. Mtu hupanga kete za mwanzo, kisha hutazama. Walakini yaliyoonekana yaliwashangaza hata waliobuni kanuni. Kete tano zilizopangwa kwa namna fulani husogea ubaoni kwa mshazari, chumba kimoja kila baada ya vizazi vinne, kana kwamba ni kiumbe kitembeacho, ingawa katika kanuni nzima halimo neno lolote la kutembea. Umbo hilo tuliite kitelezi. Kete nyingine tano, zilizopangwa kwa namna tofauti kidogo, huzusha fujo isiyotulia mpaka kizazi cha 1103, na kuacha vyumba 116 vilivyo hai. Conway alidhani kwamba hakuna umbo linaloweza kukua bila kikomo, akatoa ahadi ya dola 50 kwa atakayehakikisha au kukanusha dhana hiyo kabla ya mwisho wa mwaka 1970. Mwezi Novemba wa mwaka huo huo Bill Gosper na wenzake wa chuo cha MIT walizitwaa dola hizo, kwa kugundua umbo mfano wa mzinga litoalo kitelezi kipya kila baada ya vizazi 30, milele.

Gosper na wenzake walikuwa na kompyuta ya chuo. Msomaji wa kawaida wa gazeti alikuwa na karatasi, penseli na raba. Kuufuata ubao kwa mkono ni kazi ya kuchosha, na kosa dogo katika kizazi cha kumi huharibu vyote vifuatavyo. Haja hii ya kutaka kuona bila kuhesabu kwa mkono ilikuwa moja ya mambo yaliyowavuta watu kutamani kompyuta yao wenyewe. Mara tu vifaa vya kuunganisha nyumbani vilipoanza kuuzwa, kwa ile Altair 8800 ya mwaka 1975, Mchezo wa Uhai ulikuwa miongoni mwa kazi za kwanza zilizofikiriwa. Gazeti la BYTE lilipoanza Septemba 1975, mhariri wake Carl Helmers alifungua papo hapo mfululizo wa makala za kuwafundisha wasomaji jinsi ya kuutengeneza. Mwaka 1976 kampuni ya Cromemco ilitoa kifaa kilichoitwa Dazzler, kilichoiwezesha kompyuta ya nyumbani kuchora kwa rangi katika televisheni, na Mchezo wa Uhai ulikuwa mmojawapo wa programu zake. Kisha zikaja Apple II, TRS-80 na Commodore PET, zote katika mwaka 1977, na baada yake ZX81 ya Uingereza mwaka 1981, halafu ZX Spectrum na Commodore 64 mwaka 1982.

Ugumu wa kazi yenyewe wafaa kuelezwa kwa hesabu, maana bila hesabu hizo ni vigumu kwa mtu wa leo kuamini subira ya watu wale. Tuichukue ZX81, iliyokuwa rahisi kwa bei kupita wenzake. Kumbukumbu yake ilikuwa kilobaiti moja, yaani baiti 1024. Skrini yake, katika sehemu iliyoachiwa programu, ilikuwa na mistari 22 ya herufi 32, basi vyumba 704. Kila chumba kina majirani wanane. Kwa kizazi kimoja mashine hutazama mara 5632. Programu ikiandikwa kwa lugha ya BASIC, kizazi kimoja cha skrini nzima kiliweza kuchukua dakika kadhaa. Kuufikisha ubao kizazi cha 1103 kulihitaji kutazama zaidi ya mara milioni sita, basi mashine iliachwa ikifanya kazi usiku na mchana. Mtu akitaka kuiharakisha aliweza kuiamuru iache kuchora. Skrini ikazimika, na mwenyewe akakaa gizani akingoja picha.

Zaidi ya mwendo palikuwa na dhiki ya nafasi. Katika BASIC ya mashine hiyo kila tarakimu iliyowekwa katika jedwali ilikula baiti tano. Vyumba 704 vingetaka baiti 3520, na mashine nzima haina hata theluthi ya hizo. Wenye maarifa walipata hila: waliacha jedwali, wakaisoma skrini yenyewe kama kumbukumbu, maana kila herufi iliyo juu yake huchukua baiti moja tu. Lakini hila hii ilileta mtego ambao waliojaribu kazi hii kwa mara ya kwanza waliuangukia kwa urahisi. Kanuni hutaka vyumba vyote vibadilike kwa pamoja, na kompyuta hushughulikia chumba kimoja baada ya kingine. Ikiwa matokeo mapya huandikwa juu ya ubao ule ule wa zamani, chumba kinachofuata huwahesabu majirani ambao nusu yao ni wa jana na nusu ni wa leo. Mfano mdogo ni kete tatu zilizolala katika mstari mmoja. Kwa kanuni iliyo sahihi husimama wima, kisha hulala tena, bila kuchoka. Lakini zikipitiwa chumba kwa chumba kutoka juu kwenda chini na kutoka kushoto kwenda kulia, chumba kilicho juu ya kete ya katikati hupata uhai wake halali, halafu cha kulia kwake nacho hupata uhai usio haki yake, kwa sababu kimemhesabu aliyezaliwa punde hivi kuwa jirani wa tangu jana. Dawa yake ni kuweka nakala mbili za ubao, mmoja wa kusoma na mmoja wa kuandika, na kilobaiti moja haikutosha nakala mbili za skrini nzima. Kwa ajili hii wengi walipunguza ubao wao, au waliiacha BASIC na kujifunza lugha ya mashine, au walinunua kumbukumbu ya ziada.

Mtego wa pili ulikuwa mpaka. Ubao wa Conway hauna mwisho, na skrini inao. Chumba kilichoko ukingoni kina majirani wangapi? Wengine walisema ng'ambo ya ukingo ni utupu wa daima. Wengine waliuunganisha ukingo wa kulia na wa kushoto, na wa juu na wa chini, hata kitelezi kikitokea upande mmoja hurudi kwa upande wa pili. Njia zote mbili ni halali, ila hazitoi historia moja. Kete tano zile zinazotulia katika kizazi cha 1103 huhitaji eneo kubwa kuliko skrini ya vyumba 32 kwa 22. Katika ubao uliounganishwa, vitelezi vyake hurudi na kugonga vile vilivyobaki nyuma. Katika ubao wenye utupu, huvunjika ukingoni. Basi mtu aliyefuata kanuni kwa uaminifu, bila kosa hata moja, aliweza kupata mwisho tofauti na ule uliochapishwa, kwa sababu tu alikuwa amechagua tofauti nani awe jirani wa nani.

Mwaka 1983 Stephen Wolfram alichapisha uchunguzi wa otomata zilizo sahili zaidi, za mstari mmoja tu, ambazo kila chumba kina jirani wa kulia na wa kushoto. Kanuni za namna hiyo ni 256, si zaidi, na kizazi kipya huchorwa chini ya kilichotangulia hata picha ikajaa kutoka juu kwenda chini. Otomata hizi zilizifaa kompyuta za nyumbani kupita Mchezo wa Uhai, maana hutaka mstari mmoja tu wa kumbukumbu. Miongoni mwake imo kanuni ya 30, ambayo picha yake hufanana sana na madoa ya kombe aina ya Conus textile, apatikanaye katika Bahari ya Hindi. Na imo ya 110, ambayo Matthew Cook alithibitisha, katika maandishi yaliyotoka mwaka 2004, kwamba yaweza kufanya hesabu yoyote ifanywayo na kompyuta.

Mambo haya yote yaliwapita watu wa Karagwe, kama yalivyowapita karibu Watanzania wote. Serikali ya Tanzania ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, katika Wizara ya Fedha. Lakini mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta nchini ulipigwa marufuku, na baadaye tu ndipo masharti yalipolegezwa. Hata kama kijana wa Kayanga angepelekewa ZX81 kwa posta na ndugu yake aliyeko Ulaya, asingekuwa na cha kuichomekea: mashine hizo zilitumia televisheni kuwa skrini, na Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hata mwaka 1994. Zanzibar ilitangulia, kwani ilikuwa nacho tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwezi Desemba 1978, wakati gazeti la BYTE lilipochapa makala ya David Buckingham juu ya maumbo ya Mchezo wa Uhai, mkoa huu ulikuwa katika vita. Majeshi ya Idi Amin yalikuwa yameivamia ardhi ya kaskazini ya mto Kagera mwezi Oktoba, na Tanzania ilikuwa ikijiandaa kuvuka mpaka. Jina la mkoa lenyewe lilikuwa bado Ziwa Magharibi. Na Kyerwa ilikuwa sehemu ya Karagwe, hata ilipofanywa wilaya mwaka 2012.

Hapa ndipo panapozuka kishawishi cha kusema kwamba hasara hiyo haikuwa hasara, kwa sababu Waafrika walikuwa na otomata zao zamani, nazo ni bao. Kishawishi hicho kina nguvu mahali hapa kuliko pengine. Ng'ambo ya mto Kagera, upande wa magharibi, Wanyarwanda hucheza igisoro. Upande wa kaskazini Waganda hucheza omweso. Na pwani liko bao la Kiswahili. Yote matatu huchezwa katika mashimo 32, safu nne za mashimo manane, kwa kete 64. Mchezaji huchota kete za shimo moja, huzipanda moja moja katika mashimo yanayofuata, na ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete huzichota zote na kuendelea, mpaka kete ya mwisho iangukie shimo tupu. Ni ubao wenye vyumba, ni kanuni, na ni ujirani.

Walakini haipasi kuita vitu viwili kwa jina moja kwa sababu ya kupenda sifa. Katika bao mkono ni mmoja, nao hupita shimo baada ya shimo; mashimo hayabadiliki kwa pamoja. Lile ambalo kwa mwenye ZX81 lilikuwa kosa, yaani kumhesabu jirani wa leo pamoja na wa jana, katika bao ndiyo sheria. Kete za bao hazizaliwi wala hazifi. Zikinyang'anywa huhamia upande wa pili, na jumla hubaki 64. Tena bao lina watu wawili wanaochagua, na uzuri wake wote umo katika uchaguzi huo. Alex de Voogt, aliyeuchunguza ubingwa wa bao Zanzibar na kutoa tasnifu yake Leiden mwaka 1995, alikuwa akitafuta mipaka ya akili ya mwanadamu, yaani jinsi bingwa awezavyo kuona mbele mizunguko mingi ya kete bila kuzigusa. Mchezo wa Uhai hauna bingwa.

Udugu uliopo ni mmoja, nao ni wa kweli. Mchezaji akishachagua shimo la kuanzia na mwelekeo, uhuru wake huwa umekwisha. Kete hupandwa kwa kanuni mpaka mwisho. Na mwisho huo pengine haupo. Wachezaji wa bao na wa omweso wanajua kwamba ziko hali ambazo mkono huzunguka bila kupata shimo tupu, na desturi za mchezo zimeweka namna ya kuikatiza hali hiyo. Sababu yake ni ile ile itawalayo skrini ya kompyuta. Mpangilio wa kete 64 katika mashimo 32 ni mwingi mno lakini una idadi. Kadhalika hali za vyumba 704 ni nyingi kupita kiasi cha kutajika lakini zina idadi. Kitu kifuatacho kanuni isiyobadilika ndani ya idadi yenye kikomo hakina budi ama kusimama ama kurudi palepale kilipopata kupita. Kujua ni lipi kati ya hayo mawili, aghalabu hakuna njia ya mkato: sharti kete zipandwe. Mzee aliyeinama juu ya ubao wa mti na mwanafunzi aliyeingoja skrini yake iwake walikuwa wakikutana na ukweli mmoja, ila mwanafunzi alikuwa na mashine isiyochoka. Hasara ya kuikosa mashine hiyo ilikuwa hasara, wala haifai kufichwa.

Kwamba ilikuwa hasara kulidhihirika baadaye, na kulidhihirika migombani. Mwaka 2006 mkoa wa Kagera uliripotiwa kuwa na mnyauko wa migomba uletwao na bakteria aina ya Xanthomonas, kwa mara ya kwanza nchini Tanzania. Ugonjwa huo ulikuwa umeelezwa na wataalamu huko Ethiopia mwaka 1968, katika mmea wa ensete ulio jamaa ya mgomba, na mwaka 2001 ulionekana Uganda. Majani huwa manjano na kunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati wake na kuoza ndani, na shina likikatwa hutoa utomvu wa manjano. Haujapatikana mgomba wa kuliwa ulio na kinga kamili wala dawa ya kuuponya. Kwa Karagwe na Kyerwa, ambako ndizi ni chakula cha kila siku na pia ni fedha, jambo hili halikuwa la maabara.

Mtu akitaka kuuonyesha mnyauko kwa otomata ya seli, kazi yaonekana imekwisha nusu. Kila chumba ni shina. Hali ni tatu: mzima, mgonjwa, umeondolewa. Na kanuni husema kwamba mzima aliye karibu na mgonjwa huambukizwa. Hesabu za ubao wa namna hiyo zajulikana vizuri. Chukua ubao mkubwa uliopandwa ovyo, chumba kimoja kina mgomba na kingine hakina, na ugonjwa uwe wapita bila kukosa kutoka mgomba hata mgomba ulio jirani. Ikiwa majirani ni wanne, wa juu, wa chini, wa kulia na wa kushoto, ugonjwa huweza kuvuka ubao mzima pale tu vyumba vilivyopandwa vipitapo takriban asilimia 59. Chini ya hapo huzimika wenyewe katika visiwa vidogo. Lakini ikiwa majirani ni wanane kama katika kanuni ya Conway, mpaka huo hushuka hata takriban asilimia 41. Migomba ni ile ile, ugonjwa ni ule ule. Kilichobadilika ni tafsiri ya ujirani, na shamba lililokuwa salama limekuwa si salama. Mtu aliyeandika programu kwa kufuata desturi ya majirani wanane, kwa sababu tu ndivyo alivyoukuta Mchezo wa Uhai katika gazeti, angempa mkulima ushauri usiotoka shambani.

Na shambani ujirani ni jambo gumu zaidi. Mnyauko hupita kwa njia tatu kubwa. Ya kwanza ni wadudu waendao kwenye ua dume lining'inialo ncha ya mkungu, na hawa huruka mbali kuliko jani la mgomba wa pili. Ya pili ni makali ya panga na visu. Ya tatu ni machipukizi yachukuliwayo kwenda kupandwa mahali pengine, aghalabu kama zawadi au kwa kubadilishana, nayo huweza kuwa na ugonjwa kabla ya dalili yoyote kuonekana. Njia ya pili na ya tatu hazifuati ubao hata kidogo. Panga likiazimwa hutoka kibanja kimoja hata kingine kilicho mwendo wa saa nzima, na chipukizi lililobebwa sokoni huvuka kata nne kwa siku moja. Mwaka 1998 Duncan Watts na Steven Strogatz walionyesha kwamba mtandao wa majirani wa karibu ukipata viungo vichache tu vya mbali, umbali kati ya yeyote na yeyote hupungua ghafla. Panga la kuazima ni kiungo cha namna hiyo.

Kanuni walizopewa wakulima, zikitazamwa kwa jicho la elimu hii, ni kanuni za ujirani. Kwanza walitakiwa kung'oa shina lote lenye ugonjwa pamoja na machipukizi yake, kazi nzito iliyowaachia familia ardhi tupu. Wengi hawakuiweza, na mkulima aliyeona hasara iko karibu kuliko faida hakosi sababu. Baadaye, baada ya majaribio yaliyofanywa mashariki ya Kongo na kwingineko, ilionekana kwamba bakteria haiwafikii daima ndugu wote wa shina moja. Basi ikatosha kukata mgomba mmoja ulio mgonjwa, ukatwe chini kabisa, na kurudia ukaguzi mara kwa mara. Panga lipitishwe motoni au lisafishwe kwa dawa ya klorini kabla ya kuugusa mgomba wa pili. Ua dume livunjwe mara chane za mwisho zikishatoka, tena lisikatwe kwa kisu bali livunjwe kwa kijiti chenye panda. Hakuna hata moja ya amri hizi inayotaka mkulima aijue hali ya wilaya nzima. Kila moja humwambia afanye nini na mgomba ulio mbele yake. Matokeo makubwa hutegemea wengi kutenda hivyo kwa pamoja. Pale ambapo wachache huacha, ugonjwa hurudi kutoka kwao, kama kitelezi kirudivyo kwa upande wa pili wa skrini.

Kompyuta zitakiwazo kwa hesabu hizi hazina uhaba tena. Simu ya kawaida yenye kumbukumbu ya gigabaiti nne ina nafasi mara milioni nne kuliko ile ZX81, na vizazi 1103 huvimaliza kabla mtu hajapepesa jicho. Setilaiti nazo huchora ardhi kwa miraba midogo, hata pori hutengwa na shamba. Kilichobaki nje ya ubao ni orodha ya mapanga: nani huazima kwa nani, nani hupogoa kwa kibarua katika vibanja vingapi kwa juma, machipukizi ya mwaka huu yalitoka kwa shangazi wa kata gani. Mambo hayo hayaonekani kutoka angani, nayo hupatikana kwa kuuliza nyumba kwa nyumba.